Mtoto ataendesha wapi baiskeli? Jaribu Tigoni

JUMAPILI ikifika, wazazi wengi wa jijini Nairobi hukuna vichwa wasijue wawapeleke wapi watoto. Wengine huishia kwenye maduka makubwa kula chipsi, na jioni hurudi mifuko mitupu, watoto wakinung'unika vilevile. Iwapo kwako kuna baiskeli inayopata kutu kwenye veranda, msomaji mpendwa, makala haya yanakuhusu.

Yangu ilikuwa na kutu pia. Mwanangu ana umri wa miaka 12. Mwaka jana aligongwa na matatu iliyokuwa ikikwepa foleni kwa kupanda njia ya wanaokwenda kwa miguu mtaani kwetu. Namshukuru Mungu hakuvunjika mfupa. Goti lilichubuka likapona, lakini moyo haukupona. Kwa miezi saba hakuigusa baiskeli ile. Kila nilipomwambia atoke nje, alisema ana kazi ya shule, hata wakati wa likizo!

Ndipo nilipoamua kutafuta barabara tulivu. Usidhani ni kazi ngumu. Ukiwa na mtoto anayejifunza kabisa, anza na msitu wa Karura, ule ambao marehemu Profesa Wangari Maathai aliutetea mwaka 1999 usinyakuliwe. Mle mna njia za baiskeli na hakuna matatu ya kukufukuza. Lakini mimi nilitaka barabara halisi, kwa sababu aliyeogopa barabara hawezi kutibiwa msituni.

Tulifunga baiskeli mbili juu ya gari kwa kamba, tukatoka saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ukipita Ruaka na Banana, utafika Tigoni, karibu na mji wa Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Hapo hewa hubadilika ghafla. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukienda mwezi wa Julai bila sweta utajuta.

Kisha utaiona michai. Imetandazwa juu ya vilima kama zulia la kijani, na katikati yake mna vibarabara vilivyotengenezwa kwa ajili ya kubeba majani. Ni katika eneo hili la Limuru ambapo chai ilipandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza, mwaka 1903. Kikombe unachokunywa kila asubuhi kina asili yake hapa.

Njia za Tigoni hupanda na kushuka kwa sababu ya mabonde, kwa hivyo usijivune kwamba utamaliza kilomita 30. Kwa familia, kumi zinatosha. Baadhi ya njia ni za mashamba ya watu binafsi. Ukikuta lango au mlinzi, omba ruhusa kwanza. Na ikiwa mvua ilinyesha usiku, baki kwenye lami, maana udongo mwekundu wa huku hushika magurudumu hata yakakataa kuzunguka.

Tulikuwa tumekwenda kilomita mbili hivi nilipoisikia pikapu nyuma yetu. Mwanangu aliruka kutoka kwa baiskeli, akaitupa kando na kujibanza kwenye michai. Dereva alipunguza mwendo, akainua mkono kutusalimu, akapita polepole. Kijana alibaki pale akitetemeka. Sikujua niseme nini.

Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma Black Mamba mlimani, mtungi wa maziwa kwenye keria, alikuwa ameyaona yote. Alisimama.

"Mjukuu wangu, umeanguka?"

"La, guka. Naogopa magari."

"Hata mimi huyaogopa," mzee akasema. "Ndiyo maana husikiliza kabla sijatazama. Huku, gari utalisikia likiwa bado ng'ambo ya bonde. Kule kwenu mjini kelele ni nyingi, utasikia nini?"

Akaendelea kusukuma. Mwanangu aliiokota baiskeli, akakaa kimya kwa muda akisikiliza. Halafu akapanda. Mara mbili zaidi magari yalikuja, na mara zote mbili aliniambia kabla sijayasikia: "Baba, linakuja." Alisogea kando, lakini hakushuka.

Hilo ndilo somo nililorudi nalo. Barabara ya kufaa kwa baiskeli si lazima iwe haina gari hata moja. Ni ile ambayo gari hulisikia mapema na dereva ana nafasi ya kukuona. Kabla ya kuwapeleka watoto, ipitie kwanza kwa gari wewe mwenyewe, siku na saa ile ile utakayoitumia. Chukua pampu, tyubu ya akiba, maji na kofia ngumu. Jaribu breki ukiwa nyumbani, si mteremkoni.

Ukiwa na mwanafunzi wa shule ya upili, msipite Limuru bila kumwonyesha Kamirithu, nyumbani kwa marehemu Ngugi wa Thiong'o aliyefariki mwaka 2025. Huko ndiko wakulima na wafanyakazi walikoigiza mchezo wa Kikuyu mwaka 1977, serikali ikaupiga marufuku na mwandishi akatiwa kizuizini. Ukumbi wao ulibomolewa mwaka 1982.

Watoto wakishazoea, waweza kuwapeleka Hell's Gate, Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya punda milia na ngiri, na baiskeli za kukodi zipo. Lakini mawingu yakitanda, usithubutu kuingia kwenye korongo. Mafuriko ya ghafla yaliwaua watu humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019.

Mwanangu bado haendeshi baiskeli mtaani kwetu, wala simlazimishi. Lakini Ijumaa iliyopita nilimkuta kwenye veranda akipaka mnyororo mafuta. Aliniuliza iwapo Jumapili tutakwenda "kule kwa guka". Kamba za kufungia baiskeli tayari zilikuwa karibu na mlango.