Majani Yapukutikapo London

Msafiri atokaye pwani yetu akafika London mwezi wa Oktoba huona jambo asilolizoea: miti ya mji mzima inavua nguo zake kwa pamoja. Majira hayo baadhi yetu huyaita vuli, lakini vuli yao si vuli yetu. Vuli yetu ni mvua na kuchipua. Vuli yao ni majani kugeuka manjano na mekundu, kisha kupukutika, hata njia zikawa kama zilizotandikwa busati.

Sisi tulishukia kwa ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Unguja, akaaye kusini-mashariki ya mji ule, karibu na bustani kubwa ya Greenwich. Binti yake wa miaka 4 alitupokea mlangoni: "Shikamoo, ami." Tukamwitikia, nasi tukafurahi kuwa ulimi wa wazee wake haujampotea.

Lakini nyumba ile tuliikuta ina mashaka. Siku hiyo mtoto alirejea kutoka shule ya watoto wadogo na kinyago cha karatasi ya rangi ya chungwa, kilichokatwa macho na meno, mfano wa boga lililochongwa. Hiyo ni alama ya usiku wa 31 Oktoba, sherehe yenye asili katika imani za kale za nchi zile na katika kalenda ya Wakristo, nasi Waislamu hatuna fungu ndani yake. Mama yake alikwisha kukata shauri: mtoto asirudi shule mpaka mwezi uishe. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mtoto kusoma kabla ya kutimia miaka 5, basi hapakuwa na wa kumpinga. Baba hakuwa na hakika. Aliuliza, "Je, kumtoa ni kumhifadhi, au ni kumnyima?" Tukawaambia, "Kabla ya kuhukumu, twendeni tukaone."

Upande ule wa London una sifa yake katika malezi ya watoto. Katika mtaa wa Deptford, ulio jirani na Greenwich, mwaka 1914 dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule ya watoto wadogo wa maskini. Waliwaona watoto wa mtaa ule wakiugua kwa kukosa hewa, jua na chakula, wakaifanya bustani kuwa ndiyo darasa. Rachel alifariki mwaka 1917, na dada yake akaiendeleza kazi. Desturi ya kuwatoa watoto nje ili wajifunze ingaliko katika shule nyingi za nchi ile, na shule ya binti yetu ilikuwa mojawapo.

Asubuhi yake tulifuatana na baba na mama. Watoto walivishwa makoti na viatu vya mvua, kila mmoja akapewa mfuko, wakapelekwa bustanini wawili wawili. Humo imo michestnut iliyopandwa katika miaka ya 1660, zama za Mfalme Charles wa Pili, yenye mashina mapana yaliyopindana kama kamba. Watoto waliokota majani, kokwa za chestnut na kokwa za mwaloni. Mwalimu akawaonya kuwa ziko za kuliwa na ziko zenye sumu, hivyo hapana wa kutia kitu kinywani. Walimtazama kindi akifukia kokwa ardhini. Mwalimu akawaambia kuwa huziweka akiba ya baridi, na zile azisahauzo huenda zikaota miti. Akawaambia tena kuwa mbayuwayu wa Uingereza wamekwisha ondoka kwenda Afrika. Binti yetu akasema kwa sauti, "Kwetu!"

Waliporudi darasani walipanga kokwa kwa ukubwa, wakazihesabu hata kumi. Waliweka karatasi juu ya jani, wakasugua kwa kalamu ya nta, na mishipa yote ya jani ikatokea. Mtoto mmoja akauliza kwa nini majani hugeuka. Mwalimu alijibu kwa maneno mepesi: siku zikifupika na baridi ikiingia, mti huacha kufanya rangi ya kijani; ndipo manjano, iliyokuwamo tangu mwanzo imefichika, huonekana. Kisha mti hujenga utando mwembamba penye kikonyo, jani likakatika pasipo kuuacha mti na jeraha.

Tuliposikia hayo tuliikumbuka aya ya 59 ya Sura ya Al-An'am, ambamo jani liangukalo limetajwa katika habari za ujuzi wa Mwenyezi Mungu. Darasani mle Jina lake halikutajwa, wala hatuwalaumu. Shule ilimpa mtoto jani. Kumjulisha aliyeliumba ni kazi ya nyumbani. Mama aliinama kimya akilitazama jani la mwanawe.

Kisha baba akaleta habari ya kinyago kwa upole. Mwalimu akastaajabu, akasema hakuna mzazi aliyepata kumweleza. Siku hiyo mtoto akibaki nyumbani si kitu, na akija atapewa kazi nyingine. Hapo mama akasema, "Kwetu sisi boga huliwa, halitobolewi macho." Mwalimu akacheka, akamwomba aje awaonyeshe.

Baada ya siku mbili mama alikwenda na boga zima. Watoto walikomba mbegu kwa mikono, wakazihesabu, wakaziosha na kuzianika. Mama alilipika kwa tui la nazi, sukari na iliki, kama tulipikavyo futari ya Ramadhani. Mmoja alitema, wengine wakaomba tena. Katika mji ambao maboga mengi huchongwa kisha yakatupwa, lile halikupotea hata kipande.

Usiku wa 31 Oktoba mtoto alikuwa nyumbani. Saa za Uingereza zilikuwa zimerudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi, na Magharibi iliingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwezi wa Juni huingia baada ya saa tatu usiku. Mama alibandika ratiba ya sala ukutani, na pembeni yake jani lile. Akamwambia, "Mwanangu, siku zinafupika, ndiyo sababu jani hili lilianguka, na ndiyo sababu twasali mapema." Mtoto alifahamu.

Ndugu zetu, mlioko nyumbani msiseme haya ni ya Wazungu. Mkungu wa ufukweni nao hugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha. Tuna kusi na kaskazi, masika na vuli, msimu wa maembe na wa karafuu. Mara nyingi mtoto wetu huanza na herufi akiwa amefungiwa ndani, na ishara za Mola wake zimo uani. Mtoeni nje, mpeni jani mkononi, mwacheni aulize. Asipolisikia Jina la Muumba kwenu, atalisikia kwa nani?

Wabillahi taufiki.