Kampuni haifi kama mtu

Wasee, leo si za kuchekesha. Mtu tunajua anavyozaliwa. Kampuni nayo inazaliwa kwa karatasi, na hiyo karatasi inaweza kushinda kaburi la babu yako.

Kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1800, bunge la jimbo lilikuwa linapitisha sheria moja moja: hii ya benki, hii ya daraja, hii ya makaburi. Ndio, hata makaburi. Yale ya Mount Auburn, karibu na Boston, yalianza 1831 na 1835 sheria ikayafanya shirika. Mwaka wa 1847 New York ikatunga sheria moja ya jumla kwa mashirika ya makaburi. Faida yake? Shirika linabaki hata waanzilishi wake wakishazikwa.

Huku kwetu karatasi ilikuja na bunduki. Septemba 1888 Malkia Victoria aliipa hati Imperial British East Africa Company, kampuni ya William Mackinnon. Ni biashara, lakini ikaruhusiwa kutoza ushuru na kutawala! Misafara yake ilipitia Mumias ikienda Uganda. Pesa zikaisha, na 1895 serikali ya Uingereza ikachukua usukani. Kampuni ikalipwa pauni 250,000 iondoke. Mwaka huo huo, Babukusu waliokataa kutawaliwa wakapigwa Lumboko na Chetambe, hapo karibu na Webuye, na jeshi la Hobley. Kampuni ilikufa ikiwa na fidia mkononi. Watu wetu walikufa wakilinda ngome yao.

Sasa tuje nyumbani. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya wazungu huku Trans Nzoia yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba. Wazee walichanga, wakapewa hisa, wakaambiwa wangoje hatimiliki. Kuka wangu aliuza ng'ombe wake Bungoma, akanunua hisa kwa moja ya hizo kampuni, akahamia karibu na Kitale. Cheti cha hisa alipewa. Hatimiliki hakuiona mpaka akafa. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, na kumuse ikafanywa vizuri.

Wakurugenzi wa hiyo kampuni nao wameshazikwa. Ofisi iligeuka duka la mbolea. Lakini kwa rejista, shamba bado ni la kampuni. Mwaka jana wakaja watu na vigingi, ati wanapima wauze. Baba mdogo akawaonyesha kaburi. Mpimaji akajibu kwa adabu, "Mzee, pole, lakini kaburi si hatimiliki." Mpaka leo tunangoja, na kukhu hapendi kulala peke yake.

Maoni yangu ni haya. Sisi huku tunaamini ukizika mtu umeshika ardhi. Kwa mila, sawa kabisa. Lakini sheria inasoma karatasi, na waliokuja na hati 1888 walijua hivyo kabla yetu. Tusiache kuzika nyumbani, ila tujifunze na hiyo lugha yao pia.

Mimi si wakili, niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini hii najua: kwa sheria ya makampuni ya 2015, mtu mmoja tu anaweza kusajili kampuni, na unafanyia kwa eCitizen. Na kama kampuni ya zamani imeshika shamba lenu, omba CR12, ikuonyeshe wakurugenzi na wenye hisa ni kina nani. Fanya sachi ya ardhi pia, ujue jina gani limeandikwa.

Halafu kaa chini na wazee wenu wakiwa bado hai. Waulize cheti cha hisa kiko wapi, risiti ziko wapi, walichanga na nani. Piga picha kila kitu na simu. Hizo gigabaiti zote si za TikTok peke yake.