Malengo ya Mwaka Mpya Nje ya Andalio la Somo

Sidhani kama kuna mfanyakazi anayeandika malengo mengi kuliko mwalimu wa shule ya msingi. Mwenye vipindi sita kwa siku huandika malengo thelathini kwa juma, na kila moja hulazimika kusema waziwazi mwanafunzi ataweza kufanya nini kipindi kitakapokwisha. Kazi hii ninyi wanachuo mnaifanya kwa manung'uniko mengi, hasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, nami ndiye ninayewarudishia maandalio yenye wino mwekundu. Hata hivyo, mwaka mpya unapoingia, mwalimu huyohuyo akiulizwa amejipangia nini yeye mwenyewe, hujibu: "Mwaka huu nitajitahidi zaidi." Ajitahidi katika nini? Mpaka lini? Atajuaje kwamba amejitahidi? Andalio la namna hiyo lingerudishwa kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Yafaa tukumbuke kanuni yenyewe inasemaje. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake, huko Marekani, walichapisha kitabu kilichopanga malengo ya elimu ya akili katika ngazi sita. Mwaka 1962 Robert Mager akatoa kitabu chembamba kuhusu namna ya kuandika lengo. Alitaka litaje tendo linaloonekana, hali ambayo tendo hilo litafanyika, na kiwango kitakachokubaliwa. Ndiyo maana tunawakataza vitenzi kama "kujua", "kuelewa" na "kupenda", tukiwataka mwandike "kutaja", "kuchora", "kupanga" au "kusoma kwa sauti". Wengi wenu mnadhani hiyo ni sheria ya wakaguzi. Mimi naiona kuwa ni njia ya kumzuia mtu asijidanganye, na mtu hujidanganya zaidi katika mambo yake binafsi kuliko katika Hisabati ya darasa la tatu.

Wala si jambo la kigeni hapa mkoani kwetu. Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa watu wanaokwenda kula Krismasi kwao, Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Mbuzi akishachinjwa na mbege ikishapita, ukoo hukaa kikao. Aliyewahi kuhudhuria kikao hicho anajua kwamba hakuna mzee anayesema, "Mwaka huu tujitahidi kuhusu paa la nyumba ya bibi." Husemwa mabati mangapi, nani anatoa mangapi, na yawe yamefika kabla ya mvua za Machi. Karo ya mtoto wa fulani hutajiwa mlipaji wake kwa jina, naye huitikia mbele ya wote. Watu hawa hawakumsoma Mager. Ajabu ni kwamba mjumbe yuleyule, akitoka kikaoni na kuulizwa habari za gitaa lake lililoning'inia ukutani tangu juzi na jana, atasema, "Mwaka huu, Mungu akipenda." Jambo la ukoo lina mashahidi. Jambo la nafsi halina shahidi ila mwenyewe, na shahidi huyo ni mpole mno.

Januari iliyopita niliwapa wanachuo wa darasa langu zoezi ambalo halikuwa na alama. Kila mmoja aandike jambo moja analotaka kulifanya mwaka huo, lisilohusu masomo wala mtihani. Mwanachuo mmoja wa kike aliandika: "Nitapenda muziki." Tukalifanyia kazi lengo hilo ubaoni, kwa ridhaa yake.

"Muziki upi?"

"Wa kwaya, Mwalimu."

"Kuimba?"

"Kuimba naimba. Nataka gitaa."

"Gitaa la nani?"

Hapo ndipo zoezi lilipoanza kuwa na maana, maana ilidhihirika kwamba gitaa la kwaya hufungiwa sakristia na ufunguo hushikwa na mwalimu wa kwaya, aliyekuwa tayari kulitoa Jumatano na Jumamosi tu. Basi hali ya utendaji ikawa imejulikana: siku mbili kwa juma. Darasa likasaidia kutafuta kiwango. Mmoja alipendekeza "vizuri", tukamcheka. Mwishowe mwenye lengo mwenyewe aliandika hivi: "Ifikapo Jumapili ya Pasaka, niweze kupiga nyimbo tatu za kwaya yetu kwa gitaa, na waimbaji wasilazimike kusimama kunisubiri." Naomba mlitazame vizuri sharti hilo la mwisho. Hakuna kitabu cha ualimu kitakachompa mtu kiwango kama hicho. Ametoa kipimo katika jambo lenyewe, pale aibu na furaha ya mpigaji vinapopatikana, na kila mwanakwaya anaweza kukitumia.

Kijana mwingine alitaka kukimbia. Mbio za Kilimanjaro Marathon zimekuwa zikifanyika hapa Moshi tangu mwaka 2003, kwa kawaida mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na zina umbali wa aina tatu zinazojulikana zaidi: kilomita 42 na ushei, nusu yake, na kilomita 5. Kijana aliandika nusu, yaani kilomita 21, ingawa tangu amalize sekondari hakuwa amekimbia ila kuwahi daladala. Tulihesabu majuma. Yalikuwa manane. Tukamwachia achague mwenyewe, naye akachagua kilomita 5 bila kutembea hata hatua moja, na nusu akaiandikia mwaka unaofuata. Wenzake walimwona ameshuka. Kwa maoni yangu alikuwa amefanya kile tunachokifanya katika azimio la kazi: mada ya muhula wa pili haiingizwi katika juma la kwanza kwa sababu tu mwalimu ana ari.

Naogopa kuutaja Mlima katika jambo hili, kwani kila mgeni rasmi katika mahafali za mkoa huu huupanda kwa maneno mpaka kileleni kabla chakula hakijapakuliwa. Lakini yako mambo yaliyotokea kweli ambayo hotuba hizo huyaacha. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kuupanda akazuiwa na barafu. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, hakuja na nia kubwa zaidi tu. Alikuja na mpango. Aliweka kambi kwa ngazi kutoka Marangu kwenda juu, na wapagazi wakawa wanapeleka chakula huko. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayekumbukwa kwa kuwaongoza. Tarehe 3 Oktoba wazungu hao wawili walifika ukingo wa shimo la Kibo, wakaona muda umewaishia, wakarudi. Kama kambi yao ingekuwa Marangu peke yake, safari ingekuwa imekwisha siku hiyo. Kwa kuwa chakula na hema vilikuwa juu, walipumzika, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Lengo zuri la mwaka huwa na kambi za kati, mahali ambapo mtu aliyeshindwa Jumatatu anaweza kulala na kujaribu tena Alhamisi pasipo kuteremka mpaka chini kabisa. Nyimbo tatu za yule mwanakwaya zilikuwa kambi tatu.

Kwa nini nawasumbua na mambo haya, ilhali mna mitaala ya kukariri? Kwa sababu ninajua mnakokwenda. Baadhi yenu mtapangwa Ukerewe, wengine Namtumbo, wengine katika vijiji ambavyo basi hupita mara moja kwa siku. Watoto wakishaondoka saa tisa, jioni ya mwalimu mgeni ni ndefu. Nimewatembelea walimu vijana waliokuwa hodari hapa chuoni, nikawakuta miaka miwili baadaye jioni zao zikiwa zimegawanywa baina ya kilabu cha pombe na simu, na vipindi vyao vya asubuhi vimechoka kama wao. Sisemi kwamba gitaa lingewaokoa wote. Nasema kwamba mtu asiye na jambo lake mwenyewe la kuendeleza huishia kuitegemea shule impe kila kitu, na shule haina uwezo huo.

Mwalimu Nyerere alisomea ualimu Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, akafundisha Tabora na baadaye Pugu. Akiwa Rais, kazi iliyotosha kumaliza saa zote za mtu, alichapisha tafsiri za tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Huhitaji kuwa na akili kama yake ili kujifunza jambo moja hapo. Tamthilia ina maonyesho yanayohesabika. Anayeitafsiri usiku anajua alipofika na wapi ataanza kesho, hata kama kesho yenyewe itachelewa majuma matatu. "Kukikuza Kiswahili" ni nia. Onyesho la pili la tendo la tatu ni lengo.

Kuhusu tarehe, msiifanye Januari kuwa kitu kitakatifu. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa mwezi Julai, na mkulima wa hapa mlimani huhesabu kwa mvua. Mwalimu ana Januari kwa sababu shule hufunguliwa Januari. Ikikupita, muhula wa pili upo.

Sasa niseme palipo na mipaka, maana yule mwanachuo wa gitaa aliniuliza swali la haki: "Mwalimu, mbona sasa imekuwa kama kazi?" Nilimjibu kwamba kipimo ni cha kujifunzia gitaa; akishajua, apige kwa raha zake na asihesabu. Katika darasa hilohilo alikuwamo kijana anayechora ndege pembezoni mwa daftari zake, vizuri sana. Aliandika kwamba atachora ndege mia moja kufikia Desemba. Huyo nilimshauri alifute lengo lake. Alikwisha kuwa anachora kila siku bila kuambiwa, na mia moja ingemfanya achore haraka. Lengo ni dawa ya jambo linaloahirishwa. Jambo linalofanyika lenyewe halihitaji dawa.

Tena yako mambo ya nafsi yasiyokubali kipimo hata kidogo. Huwezi kuandika kwamba utampenda mama yako mara nne kwa mwezi. Unachoweza kuandika ni kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi utapanda daladala kwenda kumwona. Tendo linaandikika, kilichomo ndani ya tendo hakiandikiki. Hili mimi mwenyewe nimeliona mwaka jana, kwa lengo nililojiwekea kuhusu baba yangu mkubwa, ambaye anaishi Kibosho na umri wake unakaribia miaka tisini.

Mzee huyu anaujua mfongo wa kwao kama sisi tunavyojua orodha ya mahudhurio. Mifongo ya mlima huu, ile mifereji inayochukua maji bondeni huko juu na kuyatambaza ubavuni mwa mlima hadi vihambani, ilikuwapo kabla ya kahawa, na wageni wa Ulaya waliofika karne ya kumi na tisa waliistaajabia. Mingi imezibwa au imekauka. Nilijiandikia hivi: "Ifikapo Desemba, niweze kutembea mfongo wote kutoka banio hadi kihamba chetu, na kutaja kila mahali maji yanapogawanywa na ukoo uliokuwa na zamu hapo." Mgawanyo uko mahali kumi na tisa. Jumamosi ya kwanza nilikwenda na daftari, nikaketi kumhoji. Alinisikiliza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mfongo hausomwi kitini. Vaa viatu."

Tulikwenda Jumamosi saba, mbili kati ya hizo zikiwa za mvua tulizokaa jikoni penye moto. Tulikuwa tumefika mgawanyo wa kumi na moja, Julai, tukipanda. Agosti miguu ilimkataa. Tangu hapo nimeendelea kwenda Jumamosi zangu, lakini daftari nimeliacha mjini. Anazungumza anachotaka: habari za mabondia wa zamani, za mke wake, za bei ya kahawa alipokuwa kijana. Jumamosi hizo sikuzipangia kiwango chochote, na ndizo ninazozingoja zaidi.

Desemba nilifanya tathmini kama ninavyowataka mfanye katika kumbukumbu za kazi: kilichofikiwa, kisichofikiwa, sababu, hatua inayofuata. Mgawanyo kumi na moja kati ya kumi na tisa. Sababu: afya ya mwalimu wa somo. Mwenye kuandika "nitajitahidi kujua mambo ya wazee" angekuwa leo hana la kutathmini, wala asingejua amebakiza wapi. Mimi najua: nimebakiza nane, zote juu ya msitu wa migomba, kuelekea banio. Mjukuu wake, ambaye zamani alikuwa akimbebea panga, anaikumbuka njia, nasi tumekubaliana kupanda Jumamosi ya kwanza ya Januari na ya Februari, kabla mvua za Machi hazijaifanya ngazi ya bonde iteleze. Baba mkubwa ametuagiza jambo moja tu: tukirudi tumwambie kama lile jiwe jeupe la kugawia maji lingali mahali pake.