Dereva Tuliyemgombania

Nilikuwa nanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuviuza Dar es Salaam. Mzigo unatangulia na fuso, mimi nafuata na basi ili niwahi kuyapokea magunia soko la Ilala kabla madalali hawajajipangia bei. Ndiyo maana dereva mmoja tulikuwa tukimgombania. Marehemu tumsitiri, jina silitaji. Mtu mpole, pombe hagusi, na alitufikisha mapema kuliko wenzake wote.

Njia aliijua. Wanaotoka mbele wakimwashia taa, anajua kuna askari na tochi, anapunguza. Kwenye vibao vya 50 anatii, ila nyumba ya mwisho ikipita tu, anakanyaga mafuta. Basi mwisho wake ni 80. Kwake 110 ilikuwa kawaida. Na kila tulipofika salama tulisema ana mkono mzuri. Kumbe siku zote hizo hapakuwa na ng'ombe aliyekatisha wala lori lililotokea ghafla, basi.

Siku lori lilipotokea, alikuwa anaipita semitrela kwenye mwinuko. Nakumbuka breki, halafu harufu ya dizeli, na kiti cha mbele kimenibana paja.

Wodini mguu ulifungwa mzigo wa kuuvuta. Kijana wangu, wakati huo akisoma fizikia kidato cha nne, alinipigia hesabu nyuma ya bahasha ya dawa. Kwa 110 basi linakata mita 30 kila sekunde, na mguu wa dereva unataka kama sekunde nzima kufika kwenye breki. Kishindo chake ni karibu mara mbili ya kile cha 80. Na faida? Katika kilomita 100 unaokoa dakika 20. Nilimwambia arudie hesabu, maana sikuamini kwamba tulikuwa tunagombania dakika 20. Shirika la Afya Duniani nalo linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua inapanda kwa asilimia 4.

Mtaji uliisha hospitalini. Mungu awabariki wenzangu wa upatu, walinipa zamu isiyokuwa yangu. Magongo niliyazoea, usingizi ndio uliochelewa kurudi, kila nikifumba macho nasikia breki.

Sasa nasafiri tena, mguu mmoja mfupi kidogo. Majuzi dereva alianza yale yale, nikamwomba kondakta anishushe Mikumi. "Mama, unatuchelewesha!" abiria wakapiga kelele. Nilishuka na begi langu, nikalipa nauli ya pili kwenye basi lililofuata. Magunia siku hizi anayapokea binti wa dada yangu anayekaa Buguruni, kwa hiyo hata nikiingia mjini usiku, bei nimeshatumiwa kwenye simu.