Gazi, Maji Yakipwa

Maji yalikuwa yamepwa tulipoingia mikokoni Gazi, kusini mwa Mombasa. Kaa wadogo walikimbilia mashimoni kila mguu ulipotua. Mama aliyetutangulia alijifunga leso kiunoni, mkononi ana kikapu cha mbegu. Mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti, ikaning'inia mfano wa bamia ndefu. Unaidunga topeni, ncha chini, unasogea hatua, unadunga nyingine. "Usiizamishe sana, mwanangu," aliniambia, "itaoza."

Sehemu ya ghuba hii ya Gazi ilibaki upara baada ya miaka ya 1970, mikoko ilipokatwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Faida ilikwenda mbali. Hasara ikabaki kwa wavuvi, maana samaki wengi hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Miaka ya 1990 watafiti wa bahari wakaanza kupanda upya pamoja na wanakijiji, na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117. Hewa ya ukaa inayozuiwa humo, kama tani 3,000 kwa mwaka, huuzwa kwa watu na kampuni za nje zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Ukaa mwingi wa msitu huu haumo hata kwenye miti, umo kwenye tope hili tunalolikanyaga.

Mimi nimevutiwa zaidi na baraza. Pesa za mauzo hayo zikiingia, wanakijiji huitwa, husomewa hesabu, kisha hubishana wenyewe: maji, vitabu au shule? Bomba nililoliona likijaza ndoo za kina mama lilitoka katika mabishano hayo. Nimeona miradi mingi ya ufadhili ambapo mwenye kijiji huulizwa mwisho, na mingi imekufa. Hapa watu wanajua shilingi yao iko wapi, ndiyo maana mtu akisikia shoka mikokoni hanyamazi. Hata hivyo nyumba zinahitaji boriti na majiko yanahitaji kuni, kwa hiyo wamepanda mivinje nchi kavu ili mkoko upumzike.

Tukirudi, nikamuuliza mama kuhusu Vanga, Jimbo na Kiwegu, vijiji vya karibu na mpaka wa Tanzania, ambavyo mwaka 2019 vilianzisha mradi wa namna hii wa hekta 460.

"Wametupita mbali," akasema huku akicheka kwa furaha. "Na Mungu awazidishie. Samaki wao si ndio wetu?"