Mererani, Nchi ya Jiwe la Buluu

Leo twapenda kuwasimulia habari za Mererani, katika wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, Tanzania. Huko ndiko ichimbwako tanzanaiti, kito ambacho hakichimbwi mahali pengine po pote duniani.

Mtu atokaye Arusha kwenda Moshi huiacha barabara kuu penye njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akashika njia ya kusini. Nchi ni kavu, yenye vumbi na migunga, malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Hata tulipokaribia vilima vya machimbo, tuliona ukuta mrefu wa kilomita 24.5, uliojengwa na askari ukamalizika mwaka 2018, ili mawe yasitoroshwe. Eneo lenyewe la kito ni dogo, kadiri ya kilomita 7 kwa 2.

Je, jiwe hili lilitokeaje? Wataalamu wa miamba wasema kwamba yapata miaka milioni 585 iliyopita, mabara yalipogandamana, miamba ya hapa ilikunjwa ikasukumwa chini sana, ikapata joto kuu. Maji ya moto yakapita katika nyufa za miamba yenye kinywe, yaani ule weusi wa kalamu ya risasi, yakaacha fuwele za zoisaiti. Madini hayo ni ya kalsiamu, alumini na silika, nayo yapatikana katika nchi nyingi. Yalipewa jina mwaka 1805 kwa heshima ya Sigmund Zois wa Ljubljana. Lakini hapa Mererani yaliingiwa na vanadiamu kidogo sana, na uchache huo ndio ulioleta buluu.

Ukiligeuza jiwe bichi juani, laonyesha rangi tatu: upande mmoja buluu, wa pili zambarau, wa tatu rangi ya shaba. Mengi hutoka shimoni yakiwa ya kahawia. Ndipo hutiwa katika tanuri lenye joto la digrii 500 hadi 600. Ukahawia hutoweka, ikabaki buluu na zambarau.

Walakini uzuri huu wataka kutunzwa. Katika kipimo cha ugumu chenye daraja 10, almasi ni ya 10, na tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Chembe za mchanga zilizomo katika vumbi la nyumbani huweza kuikwaruza, na pigo moja huweza kuipasua.

Kito hiki kilijulikana mwaka 1967. Serikali imemtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake, na mwaka huo huo Manuel d'Souza aliandikisha machimbo. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikakiita kwa jina la nchi kilikotoka.

Sasa tuwakumbuke wachimbaji, waitwao wanaapolo. Hao hushuka kwa kamba na ngazi mamia ya mita, penye joto na hewa haba. Wengi hawana mshahara wa mwezi. Hungoja sehemu yao siku jiwe litakapoonekana, na pengine halionekani. Mwaka 1998, na tena mwaka 2008, mvua kubwa ilijaza maji mashimoni, wakafa makumi ya watu. Mwaka 2020 Saniniu Laizer alipata mawe mawili, moja la zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5, akayauza kwa shilingi bilioni 7.7, akasema atajenga shule. Habari yake ilienea kote, na vijana wengi huiwaza wanaposhika kamba.

Basi enyi wazazi na walimu, watoto wakiwauliza habari za utajiri wa Mererani, waelezeni yote mawili, bahati ya mmoja na hatari ya wengi. Tena waambieni kwamba mahindi yakivunwa hupandwa tena, bali jiwe likitolewa halioti jingine. Kwa hiyo faida yake yapasa iwafikie wale walioshuka shimoni, na watoto wao, wakati lingalipo.