Weka flashi mfukoni, tupigie laivu!

Basi leo naomba tugombane kidogo. Ugomvi wenyewe ni huu: mtu anapanda ndege Dar mpaka Mwanza, anapokelewa na gari lenye kiyoyozi mpaka Kahama, analipwa mahela ya kutosha, halafu akifika jukwaani anamkabidhi DJ flashi na kuanza kufumbua mdomo juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa mwaka juzi. Na sisi tuliotoa buku kumi mlangoni tunapiga kelele kama tumepagawa. Jamani!

Nilikuwepo, sikusimuliwa. Jina la msanii kapuni, maana mwandishi wenu hana hela ya wakili. Alipanda jukwaani saa nane usiku, akaimba nyimbo nne, basi. Kwenye wimbo wa tatu maiki ikazima. Tukaona taa yake nyekundu imekufa kabisa, lakini sauti ya bwana mkubwa ikaendelea kutoka kwenye spika, tamu, bila hata mkwaruzo! Pembeni yangu alikuwepo mshikaji mmoja, mtoto wa machimboni, buti bado zina vumbi la mawe. Akanigeukia akasema, "Dada, si bora tungemsikiliza kwenye simu hela zetu zikabaki?" Mimi hoi.

Kwa wasiotujua, ukanda wetu huu kutumia hatujambo. Kuanzia Maganzo kule kwenye almasi, Kahama, Kakola, Masumbwe, mpaka Katoro, Nyarugusu na Geita mjini, duara likitema tu, mji mzima unajua kabla jua halijazama. Mtu amekaa miezi minane shimoni anatoa mawe matupu, siku anapotusua hafikirii bati wala tofali. Usiku wa kwanza anataka muziki na watu wa kumtazama anavyocheza. Mapromota wanalijua hilo kuliko mchumi yeyote. Ndiyo maana wanatuletea flashi.

Sasa nije kwenye kilichonitia wazimu wa kuandika haya. Mjomba wangu ni dereva, kazi yake kuwabeba mafundi wa kigeni kati ya Mwanza na migodi mikubwa ya huku. Mmoja wao alipomaliza mkataba akamwachia sidii chache kama zawadi. Mjomba akaijaribu moja, dakika mbili nyingi, akaniletea. "Mama, hebu chukua hii, itakuja kunitoa barabarani."

Ilikuwa ni albamu ya laivu ya mwaka 2002, inaitwa Live at the Temple Bar and More, ya bendi ya Fishbone. Hawa ni vijana weusi wa Los Angeles, Marekani (vijana wa zamani, sasa hivi ni wazee wenzake mjomba), walioanza kupiga pamoja mwaka 1979 wakiwa bado wanafunzi. Norwood Fisher alikuwa anapiga besi, mdogo wake Philip, wanayemwita Fish, alikuwa kwenye dramu walipoanza, na Angelo Moore anaimba na kupuliza saksafoni.

Wanapiga nini? Hapo ndipo penye shughuli. Wanachukua ska, ule muziki wa Jamaika uliotangulia rege, ambao gitaa linagonga pale mguu unaponyanyuka na siyo pale unapotua. Wanauchanganya na fanki, yenye besi inayoongea kama mama mkwe aliyekasirika. Halafu bila hodi yanaingia magitaa ya metali, yananguruma kama makarasha kumi ya Nyarugusu yaliyowashwa kwa mpigo. Mara ya kwanza nilisikia vurugu tupu. Mara ya tatu nikaanza kusikia watu: mmoja anamkimbiza mwenzake, mwingine anachelewa kwa makusudi, umati unaitika na wao wanaongeza moto.

Marekani yenyewe na ukubwa wake ilishindwa kujua iwaweke wapi. Weusi wanaopiga roki? Wapelekwe kwenye redio gani, rafu gani dukani? Wenzao wa mji huohuo waliochanganya fanki na roki, Red Hot Chili Peppers, wakauza mamilioni. Fishbone wakabaki na heshima ya wanamuziki wenzao, na heshima hailipi kodi ya nyumba. Mwaka 2010 ikatoka filamu ya maisha yao, Everyday Sunshine, na mkasa wenyewe ndio huo.

Lakini kilichonigusa ni jinsi walivyoifanya ile albamu. Kwa kawaida albamu ya laivu ni kupasha kiporo. Bendi imeshavuma, inakusanya nyimbo ambazo kila mtu anazijua, inarekodi watu wakiimba, wanauza tena. Hawa walikwenda kwenye ukumbi wa Temple Bar pale Santa Monica, wakarekodi nyimbo ambazo hazijawahi kutoka kwenye albamu. Mbele ya watu hivyohivyo! Wimbo unazaliwa huku mkunga, majirani na watoto wote wanatazama. Ukiharibu, umeharibu na ushahidi upo.

Najua wapo watakaosema huyu dada ameanza mambo ya Ulaya. Haya, turudi nyumbani.

Miaka ya mwanzo ya 1990, uswahilini Dar es Salaam, ulizuka mchiriku. Vijana hawakuwa na hela ya magitaa wala dramu za dukani. Wakachukua ngoma zenye asili ya Uzaramo, wakachukua kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho mtoto wa kishua anachezea sebuleni, wakakipitisha kwenye amplifaya chakavu mpaka sauti ikatoka imepasuka. Wakakesha nayo kwenye shughuli za mitaani mpaka majirani wakakoma. Waungwana walikuwa wanauita muziki wa wahuni. Kundi mojawapo la mchiriku ni Jagwa Music, na mwaka 2012 (mwaka uleule Geita ilipofanywa mkoa) albamu yao ikatolewa Ubelgiji na kampuni ya Crammed Discs, ileile iliyowatoa Konono N°1 wa Kinshasa. Jina la albamu? Live Hotties. Neno lenyewe limo mlemle kwenye jina!

Isikilize kwa spika nzuri, siyo kwa simu ya mchina. Kinanda kinalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, ngoma hazipumziki, mwimbaji anamwaga maneno kama anadaiwa. Wazungu waliposikia wakasema hii ni panki. Sawa, waite watakavyo. Mimi ninachosema ni kwamba ule mkwaruzo usingeweza kuutengeneza studio ya kisasa, yenye vioo na kapeti, kwa sababu fundi mitambo angeusafisha. Angeona ni kasoro. Kumbe ndio muziki wenyewe. Mtoto wa mchiriku ni singeli, naye amefika mbali: mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes wa Kampala walitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa uswahilini wakaanza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya.

Hata zamani ilikuwa hivyo. Zile nyimbo za dansi ambazo baba zetu wakizisikia wanafunga macho, zilirekodiwa Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani. Ukikosea, mnarudia wote. Hapakuwa na habari ya kubandika sauti Jumanne na besi Ijumaa.

Na sisi Wasukuma ndio kabisa, tusingetakiwa kufundishwa. Bibi yangu wa Shinyanga vijijini aliniambia habari za Bagika na Bagalu kabla sijajua kusoma. Waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walishindana, na wafuasi wao wanashindana kwa ngoma mpaka leo. Baada ya mavuno vikundi viwili vinapangwa upande huu na upande ule wa uwanja, vinapiga muda uleule. Hakuna jaji wala kura za ujumbe mfupi. Watu wanatembea kwa miguu yao wenyewe kwenda wanakovutiwa, na mwenye umati mkubwa ameshinda. Ndiyo maana mmoja analeta nyoka, mwingine analeta nungunungu, mwingine anarusha jembe hewani na kulidaka, na dawa za mvuto zinachanjwa usiku kucha. Sasa hebu mpeleke pale yule bwana wa flashi, halafu upande wa pili wapige bugobogobo. Teh teh! Atabaki na DJ wake.

Basi nina rafiki yangu Katoro, tumwite Kinanda. Ana kikundi cha watu watano: kinanda, gitaa moja, ngoma mbili, na dogo mmoja anayechana. Wanaanza kama nyimbo za Kisukuma za harusini, gitaa linaingia na rumba, halafu Kinanda anakoroga mbio za mchiriku na dogo anamwaga mistari nusu Kiswahili nusu Kisukuma. Alipeleka wimbo kwenye redio fulani. Mtangazaji akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa raha, akasema, "Kaka, hii kali. Lakini siyo bongo fleva, siyo singeli, siyo nyimbo za asili. Nikuweke kipindi gani?" Fishbone watupu!

Kwa promota hali ikawa mbaya zaidi. Aliambiwa vyombo vyao vinachukua nafasi jukwaani, walete flashi na mtu mmoja wa kushika maiki, wengine wakae chini wacheze kama madansa. Malipo elfu hamsini, wagawane.

Kaka yake Kinanda ana duara Nyarugusu. Akamwita nyumbani, akamweleza kistaarabu kabisa kama mkubwa kwa mdogo: baba amelala, watoto wa marehemu dada yao wanahitaji ada, na duara linataka hela ya magogo na mafuta ya pampu. Auze kinanda, aingize hela apate hisa, ashuke shimoni na wenzake. Muda ni mpaka mwisho wa mwezi. Kinanda akaja kwangu usiku, akakaa kwenye ndoo, akaniuliza, "Dada, niambie ukweli, niuze?"

Wasomaji, hapo ungesema nini? Niseme usiuze, wakati si mimi nitakayelipa ada? Niseme uza, wakati nimemwona akipiga na najua ana nini mikononi? Nikamwekea sidii ya mjomba. Alisikiliza besi kichwa kimeinama, hasemi. Nikamwekea Jagwa. Akaanza kugonga goti. Mwisho akauliza, "Hawa nao walipigwa kipindi gani redioni?" Tukacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Nikamwambia, kabla hujauza chochote, rekodini mara moja, laivu, mbele ya watu. Studio Mwanza ni hela ndefu na wangewapiga mmojammoja. Tukasubiri harusi ya mchimbaji mmoja palepale Katoro. Simu moja tukaining'iniza kwenye mwembe, mbali na spika ili isipasuke sauti. Nyingine akaishika mdogo wangu katikati ya wachezaji, na amri kali ya kutopokea simu ya mtu yeyote, hata ya mchumba.

Zimetoka dakika 47. Jenereta linasikika mwanzo mpaka mwisho. Wimbo wa pili umeme unakatika kabisa, kinanda kinakufa, na ngoma mbili hazisimami. Watu wanashika wimbo kwa makofi na vigelegele kama dakika tatu hivi, mpaka jenereta linakohoa, taa zinarudi, na Kinanda anaingia palepale alipotakiwa kuingia. Hapo kuna mama mmoja anapiga ukelele ambao mimi kila nikiusikia nywele zinanisimama. Ule huwezi kuuweka kwenye flashi makusudi.

Tumezigawa kwa memori kadi na kwa simu, bure kwa kuanzia. Wiki iliyopita Kinanda alikwenda Nyarugusu kumpelekea kaka yake dawa za baba, akakuta wapondaji wa kwenye karasha wameziweka kwenye spika, wanashindana na mashine. Kaka alikuwa amekaa pembeni kwenye gogo, simu mkononi. Akamuuliza swali moja tu: "Pale umeme ulipokatika, mliambizana nini?" Kinanda akajibu, "Hatukuambizana kitu, kaka." Yule bwana akanyamaza, akaenda kuangalia pampu yake.

Habari ya hisa haikuzungumzwa siku hiyo. Mwisho wa mwezi ni Alhamisi. Kinanda bado kipo ndani kwake, kimefunikwa kitenge, na mnunuzi mmoja wa Runzewe ameshapiga simu mara mbili. Jumamosi wanapiga Masumbwe, kiingilio buku tatu, akina dada buku mbili, vyombo vyote jukwaani. Mimi nitakuwa pale mbele na simu imejaa chaji.